Ini la Kupandikizwa: Ataishi au La?

Huenda umewahi kualikwa harambee ya namna hii: jamaa ana saratani ya ini, familia inataka kumpeleka India akapandikizwe ini, na ndugu mmoja yuko tayari kutoa kipande cha lake. Kabla ng'ombe hawajauzwa, kila mtu anajiuliza kimoyomoyo: ataishi?

Madaktari nao walijiuliza hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1963, mjini Denver, Marekani, Dkt. Thomas Starzl alijaribu kwa mara ya kwanza kumpandikiza binadamu ini. Mgonjwa, mtoto wa miaka 3, alitokwa damu nyingi akafariki wakati wa upasuaji. Mwaka 1967 akampandikiza msichana wa mwaka mmoja na nusu aliyekuwa na saratani ya ini. Huyu aliishi zaidi ya mwaka mmoja, mama yangu, halafu saratani ikamrudia ikamwua. Ini bovu lilikuwa limeondolewa, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kutoka humo.

Wengi waliomfuata walirudiwa vivyo hivyo, hata madaktari wakasita. Ndipo mwaka 1996 Dkt. Vincenzo Mazzaferro na wenzake wa Milan, Italia, wakatoa habari za wagonjwa 48 waliochaguliwa kwa makini: awe na uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, kama ndimu hivi, au vimbe zisizozidi 3, kila moja isizidi sentimita 3, na saratani isiwe imeingia kwenye mishipa ya damu wala kutoka nje ya ini. Baada ya miaka 4, watu 3 kati ya 4 walikuwa hai. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa wakaongeza kipimo cha damu kiitwacho AFP: kikiwa juu sana, saratani huelekea kurudi.

Basi kabla ya harambee, muulize daktari: uvimbe ni mkubwa kiasi gani, ni mingapi, umeingia kwenye mishipa, na AFP ni ngapi? Uliza bila haya.

Taabu ni kwamba ugonjwa huu hukua kimyakimya. Wagonjwa wengi wa kwetu hufika hospitali tumbo limeshajaa maji. Huletwa hasa na virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, na pia sumu ya mahindi yaliyoota kuvu. Sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui; ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani.

Watoto wetu huchanjwa dhidi ya virusi hivyo wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo hiyo ilianza kutolewa kwa watoto wote Kenya mwaka 2001, kwa hiyo wewe uliyezaliwa kabla ya hapo huenda hukuipata. Omba upimwe damu. Anayekutwa na virusi daktari anaweza kumpangia picha ya tumbo kila miezi 6, ili uvimbe ukitokea uonekane ukiwa bado mdogo kuliko ndimu.