Karakana Chini ya Tandiko

Mkoba mdogo wa ngozi ulioning'inia nyuma ya tandiko la baiskeli ulikuwa karakana nzima. John Boyd Dunlop wa Belfast alipopata hataza ya tairi lake la upepo mwaka 1888, safari zikawa laini, lakini pancha nazo zikaanza.

Ndani ya mkoba mlikaa spana bapa, vyuma vya kubandulia tairi na kikopo cha bati chenye viraka, gundi, msasa na chaki ya unga. Humo pia hakikukosekana kipande cha mpira mwembamba wa valvu, kitu cha bei ndogo ambacho kikipasuka baiskeli haiendi.

Ujanja mkubwa zaidi ulikuwa kwenye mabomba ya fremu, kwa kuwa yana uwazi ndani. Spoku za akiba zilifungwa kwa kitambaa zisigongane, kisha zikasukumwa ndani ya nguzo ya tandiko. Wengine walizifunga kwa utepe kando ya bomba la nyuma, karibu na mnyororo. Pampu ilibanwa kwenye fremu.

Waendesha baiskeli wa mbio za Tour de France walivaa matairi ya akiba mabegani, yamepishana kifuani. Uma wa mbele, hata hivyo, haubebeki. Wa mshindani mmoja wa mbio hizo, Eugène Christophe, ulivunjika mwaka 1913 kwenye mlima Tourmalet; akatembea hadi kwa mhunzi wa Sainte-Marie-de-Campan, akaufua mwenyewe. Waamuzi walimwadhibu hata hivyo, kwa kuwa msaada ulikatazwa: mvulana mmoja alikuwa amemvutia mivukuto.