Alizeti-pori: ua la kando ya njia linaloweza kulisha tuta lako

Ukitoka katikati ya mji wa Kisangani kuelekea Lubunga ng'ambo ya mto, au ukifuata barabara ya Bafwasende, utaliona tu: mti mfupi wenye maua ya njano, umesimama kwa kundi kubwa kando ya njia, kwenye mashamba yaliyoachwa, kwenye parseli ambayo mwenyewe hajajenga bado. Kwa mbali mtu anadhani ni alizeti. Watoto wanachuma maua yake, nyuki wanayatembelea asubuhi, na wakubwa wanapita bila kuangalia. Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Ile ni majani tu, kata tupa."

Wenye kulima lenga-lenga na matembele kwenye matuta madogo ya mji wangepaswa kufikiri mara mbili kabla ya kutupa. Udongo wetu wa Kisangani ni mchovu. Mvua inanyesha karibu miezi yote, zaidi ya milimita 1 700 kwa mwaka, na inaosha chakula cha mmea kwenda chini ambako mizizi mifupi haifiki. Mfuko wa mbolea ya dukani unatoka mbali, kwa mashua au kwa lori, na ukifika hapa bei imekwisha kupanda. Ndiyo maana tunalizungumzia ua hili leo.

Jina lake la wataalamu ni Tithonia diversifolia. Hapa tuliite alizeti-pori. Ni la jamaa moja na alizeti ya mafuta, lakini si ile. Alizeti ya mafuta inaota, inatoa ua moja kubwa, inakufa. Hii ni kichaka kinachoishi miaka, chenye matawi mengi, kinapanda mpaka mita mbili au tatu, na majani yake yamegawanyika kama vidole vitatu mpaka vitano. Ukilisugua jani linaacha harufu kali na uchungu mkononi. Kwao asili ni Meksiko na Amerika ya Kati. Watu walilichukua kwa sababu ya uzuri wa maua, likatoka kwenye bustani, likajipandia lenyewe katika nchi nyingi zenye mvua. Kwa hiyo si mzaliwa wa hapa, ingawa sisi wengi tumelikuta tangu utoto.

Waliolichunguza sana ni watafiti pamoja na wakulima wa magharibi mwa Kenya, katika miaka ya 1990. Muhtasari wao uliochapishwa mwaka 2000 unasema hivi: majani yakikaushwa, katika kilo 100 kuna karibu kilo 3,5 za nitrojeni, karibu gramu 370 za fosforasi, na kilo 4 na kidogo za potasiamu. Kwa jani la porini, hiyo ni nyingi. Ni utajiri ule ule tunaoutafuta katika mbolea ya mifugo, lakini hapa hauhitaji ng'ombe.

Sasa tupige hesabu ya mtu wa kawaida, maana namba za wataalamu zinaweza kudanganya. Majani mabichi ni maji kwa karibu sehemu nne katika tano. Kwa hiyo kilo 25 za majani mabichi, yaani mzigo mmoja mzuri wa kichwani, zikikauka zinabaki kilo 5 hivi. Ndani yake kuna nitrojeni inayolingana na gramu 400 za urea hivi, pamoja na potasiamu ambayo urea haina kabisa. Mzigo huo unatosha tuta moja la mita 1 kwa mita 10, kwa kipimo kile kile walichokitumia kule Kenya. Lakini ukitaka kutandika hekta nzima ya mahindi, unahitaji tani 25 za majani mabichi. Nani atayakata? Nani atayabeba? Hii ni mbolea ya tuta la mboga, la nyanya, la bilinganya, karibu na nyumba. Mtu akikuambia itachukua nafasi ya mbolea yote katika shamba kubwa, mwombe akuonyeshe wabebaji wake.

Jambo lingine ambalo watu hawasemi: alizeti-pori haichukui nitrojeni hewani kama maharage au karanga zinavyofanya. Inachota chakula katika udongo inaposimama, inakiweka katika majani, wewe unakata na kukipeleka kwenye tuta. Basi unahamisha tu. Ukikata kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, mahali pale pale, ua lenyewe litachoka na udongo wake utabaki maskini. Ni afadhali kukata kwenye vichaka vya kando ya njia na mashamba yaliyolala, ambako chakula hicho hakimsaidii mtu, kuliko kuitoa ardhi nzuri ya parseli kwa ajili yake.

Ukitaka kuwa na mstari wako mwenyewe kando ya ukuta au uzio, mbegu si lazima. Chukua shina lililokomaa, si ncha ya kijani inayokatika kirahisi. Kata vipande vya urefu kama wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu au vinne. Kipande kichomeke kwa mshazari, nusu iingie ardhini, vifundo vikiangalia juu. Kipande kilichopinduliwa kinapoteza muda. Fanya siku ile ile uliyokata, udongo ukiwa na unyevu. Kwa mvua zetu si taabu. Acha nafasi ya hatua ndogo kati ya kipande na kipande. Kinapenda jua, chini ya mwembe kitarefuka, kitakonda, na majani yatakuwa machache.

Usikate mapema. Ngoja kifike kifuani, kiwe na matawi. Hapo kata juu ya goti, ukiacha matawi kadhaa yenye majani ili kipate nguvu ya kuchipua. Na ukate kabla maua hayajafunguka. Najua, ndiyo sehemu inayouma, kwa sababu wengi tunalipenda kwa ile njano yake. Lakini mti ukishaingia katika maua, shina linakuwa gumu kama kuni, na chakula cha majani kinapungua. Suluhisho la nyumbani ni rahisi: acha kichaka kimoja au viwili mbele ya nyumba vichanue kwa ajili ya macho na nyuki, vingine vyote vikatwe.

Kutumia. Katakata majani na vijiti laini kwa panga, tandaza juu ya tuta, changanya na udongo kwa jembe kina cha kiganja. Kisha ngoja wiki moja, mbili ni bora, ndipo upande. Majani haya yanaoza haraka sana, na katika siku za kwanza maji yake yanazuia mbegu nyingine kuota. Mimi mwenyewe nilifanya haraka, nikazika majani asubuhi na kumwaga mbegu za lenga-lenga jioni ile ile. Ziliota chache, hapa na pale, kama nywele za mzee. Miche iliyokwisha kuota haisumbuki sana, lakini nayo iache siku chache. Na majani yakikatwa yasikae juani siku tatu kabla ya kuzikwa, kwa maana yakikauka na kupeperuka, kazi imepotea.

Wenye ndoo wanaweza kutengeneza maji ya mbolea: jaza ndoo nusu kwa majani yaliyokatwakatwa, ongeza maji, funika, koroga kila siku chache. Baada ya wiki mbili itanuka vibaya, majirani watauliza. Chuja, changanya sehemu moja na maji sehemu mbili au tatu, mwagia chini ya mmea, si juu ya majani yanayoliwa mabichi. Mfuniko ni wa lazima, la sivyo utafuga mbu.

Halafu kuna habari ya dawa, na hapa tusicheke. Katika sehemu nyingi za Afrika watu wanachemsha majani haya machungu na kunywa kwa homa ya malaria. Ni kweli kwamba maabara zimekuta ndani yake kitu kinachoua kimelea cha malaria katika chupa. Lakini panya waliopewa maji ya majani hayo waliumia figo na ini, na kadiri kipimo kilivyokuwa kikubwa ndivyo madhara yalivyozidi. Chupa ya maabara si mwili wa mtoto, na jikoni hakuna anayejua kipimo. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya apimwe damu siku ile ile. Malaria ya Tshopo haingoji sufuria ichemke. Hili ua libaki kwenye tuta.

Mbuzi wanalionja na baadhi wanalizoea, lakini kwa uchungu wake halifai kuwa chakula chao kikuu. Changanya kidogo na majani mengine.

Mwisho, jirani. Mbegu zake ni ndogo, nyepesi, zinakwenda na upepo, na maji ya mvua, na matope ya viatu. Kichaka kilichoachwa kikauke na maua yake kinaweza kujaza parseli ya mtu mwingine ndani ya misimu miwili, na mihogo michanga haiwezi kushindana na kivuli chake. Vipande vya shina vilivyotupwa kwenye jalala la unyevu vinaota pia. Ukichoka nalo, ng'oa miche ikiwa midogo, siku ya mvua, mizizi yake haiko mbali. Kisiki kikubwa kichimbe kwa jembe, kigeuze mizizi juani, na mashina yote yakaushwe juu ya mawe au bati kabla ya kuchomwa au kutupwa.