Mkwaju

Mkwaju (Tamarindus indica) ni mti wa jamii ya mikunde, ndugu wa mbaazi na maharage, ingawa anayeutazama ukiwa na urefu wa mita 20 na shina lisilokumbatika hawezi kuufikiria undugu huo. Undugu wenyewe huonekana kwenye tunda: ganda la kahawia lenye mbegu ngumu, zilizozungukwa na nyama laini yenye nyuzi. Asili ya mti huu ni Afrika. Ulifika India zamani sana, hata wengi hudhani ndiko kwao, na leo India huongoza kwa uzalishaji.

Matunda mengi yakiiva hupoteza ukali. Ukwaju, yaani tunda la mkwaju, huongeza sukari tu, huku asidi ya tartariki ikibaki palepale. Ndiyo maana ulioiva huwa mtamu na mchachu kwa pamoja.

Mpishi huuloweka katika maji ya uvuguvugu, huukamua kwa vidole, kisha huuchuja. Sufuria ya alumini haifai, kwani asidi huila. Zanzibar, urojo hupata uchachu wake kwa ukwaju au embe mbichi. Mombasa, viazi karai huliwa na chatini ya ukwaju yenye pilipili, na wachoma mishikaki wengi huitia nyama rojo la ukwaju ili ilainike. Ramadhani ikiingia, juisi yake haikosekani kwenye futari za pwani. Bara nako hutiwa kwenye uji, na uji huo, ukipoa kidogo, hushinda ule wa ndimu.

Katika tiba, kazi ya ukwaju iliyo wazi zaidi ni kulainisha choo. Waganga wa asili hutumia pia majani ya mkwaju kwa vidonda na magome yake kwa kuhara. Wauza dawa za mitishamba husahau kutaja jambo moja: utafiti umeonyesha kwamba ukwaju huongeza kiasi cha aspirini na ibuprofeni kinachoingia kwenye damu, hivyo anayetumia dawa hizo kila siku amuulize daktari kwanza. Mbegu nazo hazitupwi. Gundi yake hutumika kutengenezea matone ya macho makavu.

Mkwaju uliooteshwa kwa mbegu huchukua miaka 7 au zaidi kuzaa. Hata hivyo, wachoma mkaa huupenda kwa ugumu wa mti wake, ilhali mikwaju mingi inayovunwa Afrika Mashariki ilijiotea yenyewe, haikupandwa na mtu.