Maji Maji: Namna Lalamiko Lilivyogeuka Vita

Maji Maji ni jina la vita vilivyopiganwa kuanzia Julai 1905 hadi 1907 kati ya watu wa kusini na kusini mashariki mwa Tanganyika na serikali ya Wajerumani, ambayo tangu 1891 makao yake yalikuwa Dar es Salaam. Katika historia ya madola hutofautishwa mambo matatu ambayo mazoea ya kusema huyachanganya: lalamiko, ambalo humfikia mtawala kwa maneno, mgomo, ambao humnyima jasho au mali, na uasi, ambao humnyima utii kwa silaha. Maji Maji ilipanda ngazi zote tatu. Dalili zake za mapema zilionekana katika wilaya ya Dar es Salaam yenyewe, miongoni mwa Wazaramo, ambao ni wenyeji wa asili wa eneo la Kariakoo na bonde la Msimbazi.

Madai yalikuwa ya aina tatu. La kwanza ni kodi ya nyumba ya mwaka 1898, rupia 3, ambayo asiye na fedha aliilipa kwa kazi. La pili ni maakida, watumishi wa serikali ambao wengi walitoka pwani, waliowekwa juu ya majumbe wa ukoo na kutawala kwa kiboko.

La tatu, lililo zito kuliko yote, ni pamba. Mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, majumbe wa wilaya ya Dar es Salaam walitakiwa kufungua mashamba ya pamba ya pamoja. Kila mwanamume alipaswa kulima siku 28 kwa mwaka, na mapato yagawanywe kati ya wakulima, jumbe na waendeshaji wa mpango. Malipo ya mwaka wa kwanza yalikuwa senti 35 kwa mtu, na wapo waliokataa kuzipokea. Kukataa ujira baada ya kuufanyia kazi si lalamiko tena, ingawa bado si uasi. Tena pamba ilidai palizi wakati uleule ambao mtama na mpunga vilidai. Rupia ya kodi huweza kukopwa, msimu haukopeki.

Maji yenyewe yahitaji maelezo ya pekee. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alianza kugawa maji ya dawa yaliyosemwa kuwa yangegeuza risasi kuwa maji. Habari zilienezwa kwa njwiywila, yaani mnong'ono wa siri wa Wamatumbi, na kwa wajumbe walioitwa hongo. Wanaoishia kwenye dawa huiona nusu tu ya jambo. Kila kabila lilikuwa na ugomvi wake na akida wake. Maji ndiyo yaliyowafanya wasiojuana kuwa na ugomvi mmoja.

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba. Kitendo hicho ndicho mpaka kati ya mgomo na vita. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro, lakini vita havikumhitaji tena: tarehe 30 mwezi huohuo boma la Mahenge lilishambuliwa, na bunduki za rashasha zikaonyesha mpaka wa dawa. Baadaye Wangoni nao waliingia. Serikali ilijibu kwa kuchoma vyakula mashambani na ghalani, na njaa ikaua kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 na kufika 300,000.

Kwa upande wa Uzaramo, jina linalokumbukwa zaidi ni la Digalu Kibasila wa Kisangire, jumbe aliyepinga pamba na kunyongwa na Wajerumani. Shule ya Sekondari Kibasila, iliyoko Temeke, imepewa jina lake.