R Haiulizi Kitambulisho
Mwaka 1968, pale Stanford, Norman Nie na wenzake, Hadlai Hull na Dale Bent, waliunda SPSS ili watafiti wa sayansi ya jamii wachambue data bila kwanza kuwa mafundi wa kompyuta. Vyuo vikaizoea. Shida ni leseni: ni ya kulipiwa, na ukitoka chuo ile ya chuo inabaki huko.

Miaka ya 1990, Ross Ihaka na Robert Gentleman, walimu wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, wakaunda R ya kufundishia wanafunzi wao. Mwaka 1995 wakaiachilia bure, msimbo wazi.

Majedwali ya sensa yetu ya 2019 yako kwa tovuti ya KNBS. Ukiwa na laptopu na bando, shusha R uyachambue mwenyewe. Hakuna atakayekuuliza ulisomea wapi, wala kama ulimaliza.