Aliyekombolewa Kwenda Kutibu

Kitete, mtaa nilikokulia hapa Tabora, kila anayevaa koti jeupe huitwa daktari. Muuguzi ni daktari, mpima damu ni daktari, hata kijana wa mafunzo aliyefika wiki iliyopita anaamkiwa "shikamoo daktari" na bibi mwenye umri wa kumzaa mara mbili. Wenye vyeti hucheka, lakini mimi naona bibi yule ana hoja. Yeye hampimi mtu kwa cheti bali kwa kazi ya mikono yake. Na ukiirudisha historia ya njia ya misafara nyuma kwa zaidi ya karne moja, utamkuta mtu ambaye watu wa magharibi mwa nchi yetu walimwita daktari kwa maana hiyohiyo. Jina lake ni Adrien Atiman.

Shuleni hatukumsoma. Tulisoma Mirambo na Isike, tulisoma Livingstone na Stanley, tulipelekwa Kwihara kuona tembe. Atiman nilikutana naye nikiwa tayari nasoma shahada ya uzamili, nilipokuwa nikipekua matoleo ya zamani ya jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwaka 1946 jarida hilo lilichapisha simulizi ya maisha yake, iliyotokana na maneno yake mwenyewe. Wakati huo alikuwa mzee anayekaribia miaka themanini, na bado alikuwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi.

Hakuzaliwa huko. Alizaliwa karibu mwaka 1866 kando ya Mto Niger, katika nchi tunayoiita Mali leo. Akiwa mtoto mdogo alitekwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa. Huko Algeria, wamisionari wa shirika lililoanzishwa na Kardinali Charles Lavigerie mwaka 1868, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walilipa fedha wakamtoa mikononi mwa mwenye kumiliki.

Kiswahili kina neno moja kwa tendo hilo: walimkomboa. Neno hili lina pande mbili. Tunakomboa nchi, na tunakomboa redio iliyowekwa rehani dukani. Nchi iliyokombolewa inajitawala. Redio iliyokombolewa inakwenda nyumbani kwa aliyeilipia.

Lavigerie alikuwa na mpango kwa vijana hawa. Aliamini kwamba Ulaya haitaweza kuleta mabadiliko ndani ya Afrika bila Waafrika wenyewe, na kwamba tiba ingefungua milango ambayo mahubiri peke yake yasingeifungua. Akachagua kundi la vijana waliokombolewa, na mwaka 1881 wakapelekwa kisiwa cha Malta wasomee utabibu katika chuo kikuu cha huko. Wangerudi Afrika kama makatekista-madaktari. Wasingekuwa mapadri. Wangeoa, wangejenga, wangelima na kuishi kama majirani wa watu wanaowatibu. Atiman alimaliza masomo mwaka 1888, na mwaka huohuo akaanza safari ya kuja upande wetu.

Njia kuu kutoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika ilipita Ugogo, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora hii, ndipo ikagawanyika kuelekea Ujiji, kaskazini na Karema. Mwaka ule pwani ililipuka kwa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, na Unyanyembe ilikuwa chini ya Isike, mtawala aliyejua thamani ya njia inayopita mlangoni pake. Biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma. Kijana aliyewahi kutembezwa kama bidhaa kutoka Niger hadi Algeria alikuwa sasa anatembea kuelekea bara kwa njia ambayo wengine waliteremshwa kwayo kwenda pwani wakiwa bidhaa.

Alifika Karema mwaka 1889. Boma la hapo lilijengwa na Wabelgiji mwaka 1879, likakabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Ng'ambo ya ziwa, Mpala, alikuwapo Ludovic Joubert, mwanajeshi wa zamani wa Papa aliyekuwa akipigana na wafanyabiashara wa watumwa. Yeye alishika bunduki, Atiman akashika dawa na bendeji. Alibaki hapo miaka 67.

Idadi hiyo ipimeni kwa dawa. Penisilini ilianza kutumika kwa wingi duniani miaka ya 1940. Maana yake Atiman alitibu vidonda, homa na majeraha kwa zaidi ya nusu karne bila dawa ambayo leo mtoto wa darasa la tatu anaijua kwa jina. Ipimeni pia kwa tawala. Alipofika, Wajerumani walikuwa bado hawajaishika bara. Aliwaona wakija, akaiona vita kuu iliyoiangusha Tabora mikononi mwa Wabelgiji Septemba 1916, akawaona Waingereza wakichukua nchi, na alipofariki mwaka 1956, uhuru ulikuwa umebakiza miaka mitano. Bendera zilibadilika, mlango wa daktari ukabaki palepale.

Alioa Karema. Mke wake, Agnes, alitoka katika ukoo wa kitawala wa Wabende, na mtoto wao Joseph akaja kuwa padri. Mtoto aliyeporwa kwa wazazi wake akawa baba na mkwe wa watu. Kwa Mwafrika aliyefika bila ukoo, bila shangazi wala binamu hata mmoja, ndoa hiyo ilimpa kitu ambacho fedha za ukombozi hazikuweza kununua: watu wa kumwita ndugu.

Nilipowasilisha habari zake kwenye semina yetu, mwenzangu mmoja aliuliza swali lililonyamazisha chumba: "Huyu aliwahi kuchagua nini?" Alinunuliwa mara ya mwisho na wamisionari. Wakamchagulia kisiwa, fani, bara na hata aina ya maisha. Simulizi yake yenyewe imetufikia kupitia mikono yao. Tunamsifu kwa kujitoa, lakini mtu hujitoaje ikiwa yeye si wa kwake?

Swali hilo nililipeleka nyumbani kwa shangazi yangu. Ni muuguzi mstaafu, ametumikia zahanati za vijijini kwa zaidi ya miaka thelathini na kulea wanne juu yake. Alisikiliza huku anachambua mchele, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilipangiwa kituo. Sikukichagua. Lakini usiku mama mzazi akibisha hodi, kufungua nilichagua mwenyewe." Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Ila msije mkasema wito mkasahau mshahara."

Naona amejibu vizuri kuliko mimi na semina yangu. Kulikopeleka maisha ya Atiman kuliamuliwa na wengine, na hilo lisifunikwe na sifa. Hata hivyo, hakuna kardinali aliyeweza kuamua kutoka Algiers jinsi kidonda kitakavyooshwa Karema saa nane ya usiku, wala kama daktari atakuwa mpole au mkali. Hapo ndipo palipokuwa na uhuru wake, na aliutumia kwa miaka 67. Yote mawili ni kweli. Mwanahistoria akisema moja tu, amedanganya nusu.

Hatari ya kusema moja tu iko kwetu pia. Neno wito ni zuri, lakini tumelizoea kulitupia wauguzi kila tunapotaka kuwashukuru bila gharama. Kazi njema ya Atiman haiwezi kulipia deni la waliomuuza, na kazi njema ya muuguzi wa leo hailipi deni la nyumba ya mtumishi isiyojengwa. Kwa hiyo ukiwa na mzee katika familia aliyetumikia namna hii, nesi, dresa au askari wa zamani, usiishie kumuuliza alihudumia watu wangapi. Muulize pia alitaka kuwa nani, na nani alimpangia. Muulize sasa, angali anaweza kukujibu kwa sauti yake mwenyewe.