Mipangilio Chaguomsingi ya Seva za DNS: Udhaifu wa Mwaka 2007 na Hatua za Kujikinga

Mwananchi anapoandika jina la tovuti kwenye simu au kompyuta, kifaa chake hulazimika kwanza kuulizia anwani ya namba inayolingana na jina hilo. Kazi hiyo hufanywa na Mfumo wa Majina ya Vikoa, maarufu kwa kifupi DNS, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Mfumo huo ukiyumba, tovuti huonekana kana kwamba imezimwa hata kama seva zake ni nzima. Kwa sababu hiyo, usalama wa seva za DNS unagusa kila huduma inayotolewa kwa njia ya intaneti, zikiwemo huduma za umma.

Aina mbili za seva

Seva za DNS hufanya kazi za aina mbili. Aina ya kwanza hutunza kumbukumbu rasmi za kikoa fulani na hupaswa kumjibu yeyote anayeulizia kikoa hicho. Aina ya pili hupokea swali la mtumiaji, huzipitia seva nyingine kwa niaba yake, kisha humrejeshea jibu na kuhifadhi nakala yake kwa muda katika akiba. Seva hii ya pili, yaani seva tafutaji, kwa kawaida hukusudiwa kuwahudumia watu mahsusi tu, kama vile watumishi wa taasisi au wateja wa kampuni ya intaneti. Inapomhudumia kila anayebisha hodi kutoka popote duniani, huitwa seva tafutaji iliyo wazi.

Zipo seva zilizofunguliwa kwa umma kwa makusudi, zikiwa na wataalamu wanaozilinda wakati wote. Tatizo ni zile zilizoachwa wazi bila wamiliki wake kufahamu.

Kosa la mwaka 2007

Miongoni mwa programu za DNS zinazotumika sana duniani ni BIND, iliyoanza kuandikwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ambayo sasa inasimamiwa na taasisi ya ISC ya Marekani. Mwezi Julai 2007, ISC ilitoa taarifa ya usalama kuhusu matoleo ya 9.4.0 na 9.4.1, pamoja na matoleo ya awali ya majaribio ya 9.5.0. Udhaifu huo ulisajiliwa kwa namba CVE-2007-2925.

Ilikusudiwa kwamba, endapo msimamizi hakuandika maelekezo yoyote, programu ingepokea maombi ya utafutaji kutoka kwenye kompyuta yenyewe na mitandao iliyounganishwa nayo moja kwa moja, na kuwakatalia wengine. Katika matoleo hayo, masharti hayo chaguomsingi hayakuwekwa ipasavyo. Matokeo yake, mtu yeyote wa nje aliweza kuitumia seva kutafuta majibu na kuulizia yaliyomo katika akiba yake. Msimamizi aliyetegemea ulinzi huo wa msingi alikuwa na mlango usio na komeo, wala hakukuwa na dalili ya kumwonya.

Marekebisho yalitolewa katika toleo la 9.4.1-P1. Kwa wasioweza kubadili toleo mara moja, ilitosha kuandika waziwazi katika faili la mipangilio ni mitandao ipi inayoruhusiwa.

Madhara yake

Madhara ya kwanza huwapata watu wengine kabisa. Mhalifu hutuma swali dogo kwa seva iliyo wazi, huku akighushi anwani ya mtumaji ili ionekane kuwa ni ya mlengwa wake. Seva hupeleka jibu kwa mlengwa huyo, na jibu huweza kuwa kubwa mara nyingi kuliko swali. Seva nyingi zikitumiwa kwa pamoja, mlengwa hufurikwa na data asiyoiomba hadi huduma zake kusimama.

Mfano unaojulikana ni wa Machi 2013, dhidi ya Spamhaus, shirika linalopambana na barua pepe taka. Kampuni ya Cloudflare, iliyokuwa ikililinda shirika hilo, ilieleza kuwa maswali ya takriban baiti 36 yalizaa majibu ya takriban baiti 3,000, na kwamba shambulio lilifikia gigabiti 75 kwa sekunde katika siku zake za mwanzo. Zaidi ya seva 30,000 zilizo wazi zilihusishwa. Wamiliki wa seva za namna hiyo huwa si wahalifu, bali vifaa vyao ndivyo vinavyogeuzwa silaha.

Madhara ya pili humrudia mwenye seva. Mtu wa nje anayeweza kuichunguza akiba huweza kubaini tovuti ambazo watumiaji wa seva hiyo wamezitembelea. Aidha, uwezo wa kuilazimisha seva itafute jina analolitaka humrahisishia jaribio la kupenyeza jibu la uongo, ambalo likihifadhiwa huwapeleka watumiaji kwenye tovuti bandia.

Hatua zinazoshauriwa

Wasimamizi wa mifumo wanashauriwa kutumia matoleo ambayo bado yanapata marekebisho ya usalama, na kuandika wenyewe orodha ya mitandao inayoruhusiwa badala ya kutegemea mipangilio chaguomsingi. Taasisi yenye matawi haipaswi kumruhusu kila mtu kwa sababu tu tawi moja limekosa huduma. Anwani za tawi hilo ziongezwe katika orodha. Inapowezekana, seva inayotunza kumbukumbu za kikoa itenganishwe na seva tafutaji. Baada ya mabadiliko yoyote, seva ijaribiwe kutoka mtandao wa nje, kwani jaribio la ndani haliwezi kuonyesha kama mlango umefungwa kwa wageni.

Watoa huduma za intaneti wana wajibu wa kuzuia data zenye anwani za kughushi zisitoke katika mitandao yao, kama unavyoelekeza mwongozo wa kimataifa wa BCP 38 wa mwaka 2000.

Mwananchi wa kawaida naye ahakikishe kuwa programu ya ruta ya nyumbani inasasishwa na nywila iliyokuja nayo imebadilishwa. Anayeandika jina sahihi la tovuti na kufikishwa kwenye ukurasa usioeleweka asiingize nywila wala taarifa za malipo. Amjulishe mtoa huduma wake au kituo cha taifa kinachoshughulikia matukio ya usalama wa mitandao, kama TZ-CERT kwa Tanzania na KE-CIRT kwa Kenya.